Tusimfiche mgonjwa anayengoja kisu

BARUA ya rufaa ni karatasi moja tu, nami huandika kadhaa kila juma bila kuzifikiria sana. Lakini ipo moja niliyoiandika miaka michache iliyopita ambayo hadi leo hunikereketa moyoni, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu juma hili.

Mama mmoja muuza mboga, mwenye umri wa miaka 54, alikuja katika kliniki yangu hapa Nairobi akilalamika kwamba tumbo lilikuwa likimjaa upesi hata akila kidogo, na kwamba sketi zake zilikuwa zimeanza kumbana kiunoni ilhali mikono yake ilikuwa ikikonda. Nilimpima, nikamtuma apigwe ultrasaundi, naye akarudi na picha iliyoonyesha uvimbe katika ovari ya kushoto, mkubwa kama embe dodo. Uvimbe huo haukuwa wa maji matupu. Ulikuwa na sehemu ngumu ndani yake, na daktari yeyote akiona picha ya aina hiyo kwa mama wa umri huo anajua kwamba saratani ni lazima ifikiriwe.

Unajua nilimwambia nini, msomaji? "Usijali mama, ni kitu kidogo tu. Wataalamu watakitoa na utarudi sokoni." Kisha nikainama mezani, nikaandika barua ya rufaa kwa hospitali kubwa, nikatia alama ya kuuliza, herufi mbili za "Ca" ambazo kwa madaktari humaanisha saratani, na jina la kiungo kinachoshukiwa. Nikaitia barua katika bahasha, nikaifunga kwa gundi na kumkabidhi nikitabasamu. Nilidhani nimemtendea wema.

Bahasha hiyo haikufika hospitalini juma hilo. Usiku huo huo bintiye wa kidato cha tatu aliifungua, na yale aliyojifunza katika somo la bayolojia yalimtosha kuelewa. Mama huyo akatoweka kwa wiki saba. Baadaye nilikuja kufahamu alikokuwa. Alikwenda kwao mashambani, akaagana na nduguze bila kuwaambia kwamba anaagana, akamgawia dadake vyombo na mablanketi, akalipa madeni yake yote ya chama, kisha akarudi Nairobi kungoja kufa. Aliporejea kwangu, tena kwa kuvutwa mkono na yule binti, alikuwa na swali moja tu.

"Daktari, kama ni kitu kidogo, mbona ulikiandika kwa siri?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya madaktari wenzangu wanauona kuwa mkali: mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa kwa sababu ya uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani ni lazima alisikie neno hilo kwa daktari wake, kwa lugha anayoielewa, kabla hajalisoma kwenye karatasi. Kumficha ni kumwongezea hofu.

Upasuaji ndio kipimo

Swali ninaloulizwa zaidi na wagonjwa wa aina hii ni hili: "Si mnipime kwanza mjue ni nini, ndipo mnipasue?" Ni swali la busara na linastahili jibu kamili, maana humo ndimo hofu nyingi hukaa.

Kwa uvimbe wa titi, mgonjwa ana haki ya kuuliza hivyo, na kwa kawaida jibu huwa ndiyo. Siku hizi kipande kidogo cha nyama hutolewa kwa sindano nene, kikapimwa katika maabara, na mwanamke akajua hali yake kabla ya siku ya upasuaji kupangwa. Anayeambiwa akatwe titi kwa kushukiwa tu, bila kipimo hicho, aombe maelezo kabla ya kutia sahihi mahali popote.

Lakini si kila kiungo kinakubali sindano. Uvimbe wa ovari ukidungwa, na iwapo kweli ni saratani, majimaji yake yanaweza kumwagika tumboni pamoja na chembechembe za ugonjwa. Ndiyo sababu wapasuaji hupendelea kuutoa ukiwa mzima. Uvimbe wa tezi ya shingo nao hudungwa bila taabu, lakini kuna aina yake ambayo hata mtaalamu wa patholojia akizitazama chembechembe kwa hadubini hawezi kusema kama ni wa hatari au la. Anachohitaji kuona ni iwapo uvimbe umelitoboa ganda lake na kupenya nje, na hilo halionekani mpaka utolewe wote.

Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho CA 125, ambacho wagonjwa huniletea wakitetemeka kwa kuwa nambari imepanda. Ni kweli kwamba hupanda katika saratani ya ovari. Lakini hupanda vilevile kwa sababu ya faibroidi za kizazi, na kwa sababu ya kifua kikuu kilichoingia tumboni, ugonjwa ambao hapa kwetu si wa ajabu na ambao hutibiwa kwa vidonge. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyeingia thieta kwa kudhaniwa kuwa na saratani, akatoka na majibu ya kifua kikuu.

Hivyo basi, kwa wagonjwa wengi upasuaji wenyewe ndio kipimo. Daktari anayesema "hatujui bado" anasema kweli tupu. Taabu ni kwamba mgonjwa aliyekwisha danganywa mara moja hawezi kuyaamini tena maneno hayo. Husikia "hatujui", akajitafsiria kwamba "wanajua ila wananihurumia". Hii ndiyo dhambi kubwa ya ile "usijali" yangu. Ilimnyang'anya mama yule kitu pekee cha kweli nilichokuwa nacho cha kumpa: kwamba huenda ni saratani na huenda siyo, na kwamba njia ya kujua ipo.

Mnong'ono mlangoni

Si madaktari peke yetu wenye lawama. Kila daktari wa nchi hii anamjua yule kijana mtanashati, mara nyingi kifunguamimba, anayemsindikiza mamake au babake hadi ndani, kisha mgonjwa akitoka yeye anarudi kana kwamba amesahau simu. Anaufunga mlango na kunong'ona, "Daktari, tafadhali usimwambie mzee wetu. Ana presha. Akisikia atakufa."

Nia yake ni njema, sina shaka. Lakini nimefanya kazi hii kwa takriban miaka 20 na sijamwona mgonjwa aliyeuawa na ukweli alioelezwa polepole, ameketi, na mtu wake kando yake. Walioumizwa na mnong'ono nimewaona. Mgonjwa si mtoto. Anawaona wanawe wa Mombasa na Eldoret wakifika nyumbani kwa siku moja na hakuna sikukuu wala harusi. Anaona kundi la WhatsApp la jamaa limenyamaza, kwa sababu limeundwa jingine asimokuwamo. Anaona nyama imepikwa Jumanne. Je, mtu huyo hajui? Anajua fika, ila sasa hana wa kumwambia kwamba anajua, maana kila mmoja nyumbani anamlinda mwenzake. Watu wanane chini ya paa moja, na kila mtu analia kivyake bafuni.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, kama kanuni ya kawaida, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, gharama yake na haki yake ya kukataa, na ayaeleze kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unampa pia haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Anayetajwa humo ni mgonjwa, si kifunguamimba wake. Wapo wachache wasiotaka kuambiwa, nao huwaheshimu. Lakini hilo ni lao kuniambia, si la jamaa zao.

Najua watakaosema kwamba foleni ni ndefu, na kwamba daktari wa hospitali ya umma mwenye wagonjwa 60 nje ya mlango hana nafasi ya kuketi na kila mmoja. Ni kweli. Hata hivyo, kusema "uvimbe huu unaweza kuwa saratani, unaweza usiwe, na upasuaji ndio utakaotuambia" hakuchukui hata nusu dakika. Kuficha ndiko hula muda mwingi. Mimi kulinigharimu wiki saba za mtu mwingine.

Kisu na hewa

Kuna hofu nyingine ambayo sidhani yuko daktari hapa nchini asiyekutana nayo: kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Wengine husema ni ikipigwa na hewa. Zamani nilikuwa nikiicheka. Siku hizi huketi nikaeleza, kwa sababu imani hii ilitokana na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao.

Waliona nini? Walimwona jirani aliyeumwa na tumbo kwa mwaka mzima akinunua dawa za asidi dukani, akaenda kwa waganga wawili, akauza mbuzi, na mwishowe akafikishwa hospitalini amevimba. Wapasuaji walimfungua, wakakuta ugonjwa umeenea hadi kwenye ini, wakamshona. Baada ya mwezi mmoja akafa. Majirani wakahesabu siku kuanzia kisu. Ule mwaka mzima wa kabla yake hakuna aliyeuhesabu.

Hewa haiwezi kuisambaza saratani. Kuhusu kisu, sitaki kudanganya kwa upande wa pili: nimekwisha kueleza kwamba uvimbe wa ovari ukipasuka ovyo unaweza kumwaga chembechembe. Kwa sababu hiyo hasa, swali la nani atakayekupasua ni la maana, na usione haya kuliuliza. Kama kuna mtaalamu wa saratani za wanawake katika hospitali ya rufaa unayoweza kuifikia, kama ile ya Kenyatta au ya Moi kule Eldoret, inafaa uende huko hata kama utangoja kidogo zaidi. Kisu ninachokiogopa mimi ni kile kinachochelewa. Kulingana na makadirio ya mwaka wa 2022 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, zaidi ya watu 40,000 nchini Kenya hupatwa na saratani kila mwaka, na wengi tunawapokea ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali.

Saa tisa usiku

Sasa nizungumze nawe uliye na tarehe mkononi.

Hofu ya mchana hupungukiwa na nguvu kwa sababu kuna watoto, kuna kazi, kuna kelele za matatu. Saa yake ni saa tisa usiku. Moyo unadunda, kinywa kinakauka, tumbo linaendesha, nawe unawaza kwamba huo ni ugonjwa unaotembea mwilini. Siyo. Hiyo ni homoni ya hofu ikifanya kazi yake ya kawaida, ile ile inayokufanya uruke unapopigiwa honi ghafla na bodaboda. Keti kitandani, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, na urudie kwa dakika chache. Usiichukue simu kutafuta habari za saratani saa hiyo. Hakuna jambo jema ambalo limewahi kusomwa saa tisa usiku.

Badala yake weka daftari la shilingi chache na kalamu kando ya kitanda. Kila hofu inayokuja, iandike kama swali. "Nitakufa?" ni hofu ambayo hakuna mtu atakayeijibu. Lakini "Mkifungua na mkakuta kinachofanana na saratani, mtaondoa nini na mtabakisha nini?" ni swali, na mpasuaji wako analazimika kulijibu. Kwa wanawake hili ni zito kuliko yote. Nimekutana na mwanamke wa miaka 31 aliyetia sahihi fomu ya idhini bila kusomewa, akaamka hana kizazi. Pengine ilikuwa lazima. Lakini hakuna aliyemwambia kabla, na miaka mingi baadaye bado anaizungumzia siku hiyo kana kwamba aliibiwa. Kama bado unataka kuzaa, sema mapema na hakikisha limeandikwa kwenye faili. Uliza pia kama hospitali ina uwezo wa kugandisha kipande na kukipima ungali umelala mezani, maana ni chache zinazoweza, na kama haiwezi, uliza wataamuaje.

Nenda kliniki na mtu mmoja. Mtu mwenye hofu husikia nusu ya anayoambiwa, na nusu nyingine huigeuza. Mchague anayeweza kunyamaza. Wakwepe kwa adabu wale wenye hadithi za shangazi zao waliopasuliwa hivyo hivyo. Ukitaka kuombewa, ombewa. Ila anayekuambia uitupe tarehe ya hospitali ili kuonyesha imani, huyo mwambie akutilie sahihi kwamba atawalea watoto wako.

Dawa za mitishamba unazokunywa, pamoja na aspirini, mtajie daktari wa dawa ya usingizi bila kuona haya, kwa kuwa nyingine huzuia damu kuganda. Usinunue vidonge vya usingizi dukani wala usijilaze kwa pombe. Ikiwa umekosa usingizi kwa siku nyingi mfululizo, au umeanza kuwaza kwamba afadhali ufe kabla ya siku hiyo, rudi kwa daktari upesi. Hayo yana matibabu.

Na pesa? Wagonjwa wangu wengi huiogopa bili kabla ya kukiogopa kisu. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, idhini ya malipo ni jambo la kufuatilia mapema na karani wa hospitali, siyo asubuhi ya kulazwa. Ulizia kiasi kitakachobaki juu yako, kisha ndipo uwaite watu kwa harambee ukiwa na tarakimu mkononi.

Siku yenyewe kuna jambo linalowatia wagonjwa wasiwasi bure. Muuguzi atakuuliza jina lako na unapasuliwa nini. Dakika kumi baadaye daktari wa usingizi atakuuliza yayo hayo. Kisha mpasuaji. Wengi hujiambia, "Hata hawanijui!" Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Ni orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2008. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, moja yao ikiwa hapa jirani Ifakara, Tanzania, vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Mtu wa kuogopwa ni yule asiyekuuliza lolote.

Baada ya hapo huja kungoja kwa pili, ambako watu hawakutayarishi kwako. Kidonda kinapona, nyuzi zinatolewa, na majibu ya patholojia bado. Huenda yakachukua wiki moja, huenda tatu. Mwulize mpasuaji siku atakayokuona tena, na nambari ya simu ya kupiga siku hiyo ikipita.

Yule mama muuza mboga alikubali nikisimulie kisa chake kwa sharti mbili: nisitaje jina lake, na nisitaje majibu yake. "Ukiwaambia yangu yalikuwa nini," alisema, "wenye kungoja watachukua yangu wayafanye yao." Nimetii. Nitasema tu kwamba siku alipoyapata hakuwa na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Alikuwa ameifungua mwenyewe ndani ya matatu, bintiye akamsomea yale aliyoyaelewa. Aliingia, akaiweka karatasi mezani mbele yangu, akavuta kiti karibu, akatoa daftari lake kwenye kiondo na kuniambia, "Haya daktari, tuanze na la kwanza."